Sekunde Kumi za Mama Koleo

Kabla hajaitwa Mama Koleo, alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha milango ya chuma, na kazi hiyo aliipata kwa ubishi. Msimamizi alimwambia wanawake wanafanya kazi ya rangi, kule nyuma. Yeye akajibu kwamba rangi inamwasha pua. Wakampa jaribio la siku moja, kwa kejeli tu, achomelee bawaba za mlango mmoja wakati wanaume wamekaa wanamtazama. Mlango ulitoka safi, hauna hata tone la chuma lililomwagikia pembeni. Kesho yake alirudi, akachukua kofia ya kuchomelea ukutani bila kumwuliza mtu, akaivaa. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemtajia rangi tena.

Mwaka wa kumi na tatu, bamba la chuma lilimponyoka mwenzake kwenye mashine ya kukunjia, likamwangukia mkono wa kushoto. Vidole vitatu vilibaki vimekakamaa, havifumbi wala havifumbui. Aliporudi kutoka hospitali alikuta amewekwa getini, kuandika majina ya wageni. Msimamizi alimweleza kwa upole, na upole ule ndio uliomuudhi kuliko maumivu.

"Fundi asiyeweza kushika chuma, mama, ni hatari kwake na kwa wenzake."

"Kushika nitashika," alisema. "Nitashikia nini, hilo niachie mimi."

Akaondoka siku ileile, kofia kwapani.

Nyumbani, kwenye banda la mabati nyuma ya jiko, alikaa wiki mbili akipima, akikata na kutupa. Alichokipata mwishoni kilikuwa koleo kubwa la chuma lililofungwa mezani, lenye meno mawili mapana, linaloendeshwa kwa kanyagio. Ukikanyaga mara moja linafumba, ukikanyaga tena linafumbua. Mguu wake ulikuwa umeichukua kazi ya mkono wa kushoto. Wateja walioleta madirisha yao walisimama kumtazama akikanyaga na kuchomelea kama fundi cherehani, na jina likazaliwa hapohapo. Mume wake, ambaye wakati huo alikuwa hai, ndiye aliyelitangaza mtaani kwa majivuno. Alipofariki, jina lilibaki. Mdogo wake mume, fundi wa redio na simu, naye alibaki, kwa maana ya kwamba kila asubuhi alikuja kunywa chai kwa shemeji yake na kumkosoa.

Mashindano ya roboti yaliingia maishani mwake kwa mlango wa kazi. Chuo cha ufundi kilitaka kizimba cha chuma katikati ya ukumbi wao, chenye kuta za plastiki nene inayopitisha mwanga, kwa ajili ya mashine zinazopigana. Mama Koleo alikichomelea. Siku ya mashindano akaombwa awepo, isije fremu ikaachia. Basi akakaa kwenye kiti karibu na kizimba, kofia mapajani, akaona kila kitu.

Aliona mashine mbilimbili, kila moja ukubwa wa sanduku la nguo, zikiingizwa ndani na kuendeshwa kwa rimoti kutoka nje. Dakika tatu. Isiyoweza kusogea imeshindwa. Zikibaki zote nzima, majaji watatu wanapiga kura. Nyingine zilikuwa na diski za kuzunguka zilizorusha cheche hadi darini, nyingine nyundo. Bingwa wa mwaka ule, na wa mwaka uliotangulia, alikuwa kijana mmoja mpole wa sura aliyeitwa Injinia na kila mtu, pamoja na mama yake mzazi. Mashine yake iliitwa Tingatinga. Ilikuwa na bamba pana mbele na magurudumu sita, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumsukuma mwenzake hadi ukutani na kumkandamiza pale mpaka mota zake zinuke.

"Ile siyo vita," Mama Koleo alimwambia shemeji yake walipokuwa wanarudi nyumbani. "Ile ni kabati limemwangukia mtu."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Ningemshika."

Wiki iliyofuata akaenda chuoni kuomba kijitabu cha kanuni. Alikisoma kama watu wanavyosoma mkataba wa kiwanja, kalamu mkononi, akirudia mistari. Kanuni ya kumi na nne aliipigia mstari mara mbili. Ilisema kwamba mashine inayoshika, kubana, kubeba au kwa namna yoyote kumzuia mpinzani asiondoke, itaachia ndani ya sekunde kumi. Kwamba mwamuzi atahesabu kwa sauti. Na kwamba baada ya kuachia, mashine itarudi nyuma mita moja kabla ya kushika tena.

"Hiyo wameiweka kwa sababu gani?" shemeji aliuliza.

"Bila hiyo mtu angemshika mwenzake akaenda zake kunywa chai."

"Kama mimi hapa," shemeji alisema, akajimiminia kikombe cha pili.

Walitumia miezi saba. Yeye alifanya chuma, shemeji alifanya nyaya, na wote wawili walifanya kelele. Shemeji alitaka diski, kwa sababu watu wanapenda cheche. Mama Koleo alisema cheche ameziona za kutosha maishani. Mashine waliyoitoa ilikuwa fupi, nzito chini, na mbele ilikuwa na koleo lilelile la mezani, ila dogo, lenye mota mahali pa kanyagio na mkono wa kunyanyulia. Wakaiita Gando, kama kibanio cha kaa. Binti yake, aliyekuwa muuguzi na asiyependa mambo ya vurugu, alikuja Jumapili moja kuiona. Ilimnyanyua kiti alichokalia kwa sentimita kumi hivi, ikamrudisha chini taratibu. Alicheka hadi akalia.

Siku ya mashindano ilipofika, Gando lilishinda pambano la kwanza kwa namna ambayo ukumbi haukuwahi kuiona. Lilimkamata mpinzani, mashine ya nyundo, likamnyanyua magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Mwamuzi alihesabu moja hadi kumi, Mama Koleo akaachia, akarudi nyuma mita moja, akashika tena. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya sita mashine ya nyundo ilidondoka kichwa chini, ikabaki hivyo.

Watu walizomea.

"Unakumbatia," mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Nenda kakumbatie wajukuu."

Mama Koleo alimtafuta kwa macho hadi akampata. "Wajukuu sina bado," alisema, bila kupandisha sauti. "Njoo wewe."

Ukumbi ukacheka, lakini kuzomea hakukuisha. Baada ya pambano la pili, ambalo Gando lilishinda vilevile, mwamuzi alimwita pembeni. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa suti ya kijivu na filimbi shingoni, na ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati.

"Mama, kazi yako nzuri," alisema. "Lakini watazamaji wanataka vita. Fainali ndiyo hii inakuja. Ungelitoa hilo koleo ukafunga kitu kingine? Muda upo, saa nzima."

"Limekatazwa?"

"Halijakatazwa."

"Basi linabaki."

Mwalimu alikohoa. "Nakushauri tu, kwa nia njema."

"Nia njema nimeshashauriwa nayo sana, mwalimu. Na mimi nina ushauri wangu." Akatoa kijitabu mfukoni, akakifungua penye mistari miwili. "Umenihesabia mapambano mawili, na umehesabu sawasawa. Injinia amewabana watu ukutani tangu asubuhi na sijasikia hata moja."

"Kusukuma siyo kushika."

"Soma hapa. Kwa namna yoyote kumzuia mpinzani asiondoke. Ukuta ule nimeuchomelea mwenyewe, naujua. Mtu akikubana pale huendi popote."

Mwalimu alikisoma kile kijitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wake, akakirudisha. "Tutaona," alisema, akaondoka.

"Mwalimu wa hesabu asiyehesabu," shemeji alinong'ona. "Nchi imekwisha."

Fainali ilikuwa saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Injinia alikuja kumpa mkono Mama Koleo, na alipoona mkono wa kushoto ndio uliokuwa huru, aliushika huohuo bila kusita. Kijana hakuwa mbaya. Alikuwa amezoea kushinda tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna hesabu asiyofanyiwa.

Filimbi ilipolia, Tingatinga lilikuja moja kwa moja kama kawaida yake. Mama Koleo alilipisha, akalizunguka, akalikamata kwenye ukingo wa bamba na kulinyanyua upande. Magurudumu matatu yakawa hewani. Mwamuzi alianza kuhesabu, na safari hii hesabu ilikuwa na haraka. Kati ya sita na kumi hapakuwa na nafasi ya mtu kumeza mate. Mama Koleo aliisikia, akaachia, akarudi nyuma mita yake moja. Akashika tena. Hesabu ikakimbia tena.

Mara ya tatu alichelewa kugeuka. Tingatinga lilimpata ubavuni, likamsukuma kizimba kizima hadi ukutani, likamkandamiza. Magurudumu sita yalisaga sakafu. Gando lilijitikisa, likashindwa kutoka. Koleo lake lilifumba na kufumbua hewa tupu.

Mwamuzi alisimama, filimbi kinywani, kimya kama maji mtungini.

Mama Koleo alimtazama. Alingoja kidogo, sekunde tatu hivi, kumpa nafasi. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa mtaa ule wanalizungumzia hadi leo. Akaondoa macho yake kwenye kizimba, akamwelekea mwamuzi, akaanza kuhesabu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na grenda ya kukatia chuma.

"Nne," alisema. "Tano."

Shemeji akadakia sita. Saba ilitoka kwa binti yake, kule mstari wa tatu, yeye ambaye hapendi vurugu. Nane ikasemwa na watu wengi wasiofahamiana. Kufikia kumi ukumbi mzima ulikuwa unahesabu, hata wale waliozomea, hata yule bwana wa wajukuu, na walipofika kumi hawakusimama. Wakasema kumi na moja. Wakasema kumi na mbili. Kwenye kumi na tatu filimbi ililia.

"Tingatinga, achia."

Injinia alimtazama kana kwamba ameambiwa avue shati. "Niachie nini? Mimi sijashika."

"Achia," mwamuzi alirudia. "Rudi nyuma mita moja."

Tingatinga likarudi nyuma. Lakini madhara yalikuwa yameshafanyika. Moshi mwembamba ulitoka ubavuni mwa Gando. Mota ya gurudumu la kulia ilikuwa imeungua kwa kuhangaika. Shemeji alishika kichwa. Kwa kanuni, Mama Koleo angeweza kunyoosha mkono na kukubali kushindwa, na wengi walidhani atafanya hivyo.

"Zima," shemeji alisema. "Shemeji, zima, betri itashika moto."

"Linasogea."

"Linazunguka tu, kama kuku aliyekanyagwa."

"Kuzunguka ni kusogea."

Akaliacha Gando lizunguke pale katikati kwa gurudumu moja, koleo limefumbuliwa, akangoja. Injinia, ambaye sasa alikuwa amekasirika, alilisukuma Tingatinga kwa kasi yote ili amalize. Ndicho Mama Koleo alichokuwa anakingoja. Gando lilikuwa limegeuka nusu duara wakati bamba linafika, na koleo lilifumba juu yake kwa mlio uliosikika hadi nje. Likanyanyua. Tingatinga zima, na magurudumu yake sita, likabaki linaning'inia. Mwamuzi alihesabu, na safari hii alihesabu polepole, kila namba na pumzi yake. Alikuwa amefika tisa king'ora kilipolia. Dakika tatu zimekwisha.

Majaji watatu walipiga kura. Wawili kwa Injinia, mmoja kwa Mama Koleo. Sababu iliyosomwa ni kwamba Gando ndilo lililoumia zaidi.

Watu walipiga kelele za kila aina. Mama Koleo alikaa kitini, akavua kiatu ambacho soli yake ilikuwa imeingiwa na kipande cha chuma, akakitoa. Mwamuzi alipokuja na karatasi ya matokeo ili washindani wote wawili wasaini, alimkuta hivyo.

"Hapa chini, mama."

"Sisaini."

"Ni utaratibu tu."

"Gando limeumia, hilo nalikubali, ndilo hilo linafuka moshi. Limeumia wakati gani? Andika."

"Karatasi haina sehemu ya hayo."

"Basi na mimi sina saini."

Injinia alikabidhiwa kikombe mbele ya karatasi yenye saini moja. Alikipokea, lakini hakukiinua juu kama miaka iliyopita. Alikibeba ubavuni kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenziwe.

Mama Koleo aliandika barua ya pingamizi kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, akaipeleka chuoni mwenyewe. Jibu lilichukua wiki tano. Mtaani walimwambia amelishikia bango jambo hili bila sababu, kikombe chenyewe ni cha bati. Binti yake alimwuliza kama hachoki.

"Nachoka sana," alisema. "Ila nikisaini, itakuwa haikutokea."

Jibu lilipokuja, lilikuja kwa miguu. Mwalimu alisimama mlangoni pa banda, bila filimbi, akiwa na faili. Mama Koleo alimaliza mshono wa dirisha aliokuwa nao, akainua kofia, akamwonyesha pipa la kukalia.

"Kamati imekaa," mwalimu alisema. "Matokeo hayabadiliki."

"Sikuomba yabadilike."

"Tumeamua kukupa cheti cha ubunifu. Ukisaini hapa, faili linafungwa, na cheti unaletewa."

"Cheti hicho mpe shemeji yangu, hana hata kimoja." Shemeji, aliyekuwa kwenye chai, hakukanusha. Mama Koleo alikanyaga kanyagio, dirisha likaachiwa mezani. "Mwalimu, nikuulize. Kwa nini hukuhesabu?"

Mwalimu alitazama lile koleo la mezani, akatazama mkono wa kushoto wa mwenyeji wake, akavua miwani na kuifuta kwa tai.

"Nilizoea," alisema hatimaye. "Mashine yenye meno naiona inashika. Ile ya bamba niliiona inafanya kazi yake. Hata uliponionyesha maandishi, nilijiambia huyu mama anatafuta visingizio."

"Sasa hilo ndilo liandike."

"Niandike vipi?"

"Kama ulivyosema. Nitasaini chini yake."

Shemeji aliweka kikombe chini. Mwalimu alitoa kalamu, akaifungua karatasi juu ya faili magotini, akaandika kwa mwandiko wa ubao kwamba katika fainali mwamuzi hakuhesabu mashine ya Tingatinga ilipombana mpinzani ukutani, mpaka sekunde ya kumi na tatu, na kwamba kosa lilikuwa la mwamuzi. Akaweka tarehe, akasaini. Mama Koleo aliisoma mara mbili. Akaishikilia kwa vidole vyake vilivyokakamaa ili isiteleze, akasaini kwa mkono wa kulia, jina lake lote.

"Kikombe kibaki huko huko," alisema.

Msimu uliofuata ukutani mwa ukumbi palitundikwa saa kubwa ya sekunde, na mwamuzi alihesabu kila aliyemzuia mwenzake, awe na meno au bamba. Injinia alihesabiwa mara sita katika pambano lake la kwanza. Alinung'unika, akajifunza, akaanza kuachia kwenye tisa. Kamati ilikuwa imewatumia washiriki barua ikiwaomba, kwa heshima, wapunguze mashine za kushika kwa sababu hazivutii watazamaji. Mama Koleo aliitumia barua hiyo kufutia grisi.

Gando lilikuja na makoleo mawili, la mbele na la nyuma. Lilishinda mapambano mawili. Katika la tatu lilikutana na mashine bapa ya wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, iliyopita chini ya koleo la mbele na kulipindua lote, miguu juu, ndani ya sekunde ishirini. Hakukuwa na la kubishania. Mama Koleo alisaini karatasi kabla wino wa mwamuzi haujakauka, akawauliza wale wasichana bamba lao lilikuwa na unene gani, wakamwambia, akaandika kiganjani.

Walipokuwa wanalipakia Gando kwenye pikapu, shemeji alisema labda wakati umefika wa kufikiria diski.

"Shika upande huo," Mama Koleo alimwambia. "Tunyanyue."